Kitabu Kilichowahi Kuunguza Kitu

Mama Kabula alinipigia simu Jumanne moja nikiwa kazini Dar es Salaam, akaniambia mambo mawili kwa sauti ileile: kwamba mume wake, Fundi Masanja, alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na kwamba nije Mwanza nichukue kitabu changu kabla panya hawajakimaliza. Namba yangu mpya alikuwa ameitafuta kwa watu wanne. Nilimpa pole kama inavyotakiwa, kisha nikamwuliza ni kitabu kipi. "Kile kisicho na jalada," akasema. "Kwani ulikuwa na kingine?" Nilikuwa na vingine viwili, na kile alichokitaja hakikuwahi kuwa changu, lakini sikubishana. Siku hiyohiyo, mchana, kijana mmoja aliyeajiriwa karibuni ofisini kwetu aliniuliza swali ambalo huulizwa kila mwaka: nianze na kitabu gani kama nataka kujifunza kubuni saketi za elektroniki? Huwa nina jibu la haraka, jina la kitabu kinene ambacho kila chuo kinacho. Safari hii nilimwambia nitamjibu nikirudi safari.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilipomaliza chuo na kukaa Mwanza bila kazi. Nilipanga chumba Mabatini, nyuma ya duka la mabati na misumari, dirisha likitazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono mmoja. Nilikuwa na shahada ya elektroniki, begi la vitabu, na tabia ya kutokukubali kitu mpaka nimekipinga mara mbili. Niliwauliza mapadri kwa nini, wenye maduka kwa nini, hata mama aliyeniuzia maandazi nilimwuliza anajuaje kwamba mafuta yake yamepata moto wa kutosha. (Alichovya njiti ya kibiriti, povu likatoka, akaniambia, "Sasa wewe, chuo walikufundisha nini?") Siku moja chaja ya kompyuta yangu ilikufa, nikaelekezwa Mirongo, kwenye kibanda chenye kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu MASANJA LADIO NA TV. Kabla sijasalimia vizuri nilikuwa nimeshaona kosa kwenye kibao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikamwambia kibao chake kimekosewa. Alitoka nje, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta waya uliokatika. "Wateja wanakifuata," akasema, "na hakuna aliyepotea bado." Kisha akaniuliza nilisoma nini, na nilipomwambia, akacheka, akaanza kuniita injinia.

Masanja alikuwa Msukuma wa makamo, mfupi, mwenye vidole vilivyoungua vikaungua mpaka vikaacha kuhisi, na ulimi wake haukuwa na sauti ya *r*. Kila penye *r* alitia *l*. Nitayaacha maneno yake kama alivyoyatamka. Wakati ule nisingefanya hivyo. Kwenye kibaraza kilekile alikaa Magoma, fundi cherehani, Mjita, ambaye alikosea kwa upande wa pili, *l* zake zikigeuka *r*, na wawili hao walitaniana kutwa nzima kwa jambo hilo, kila mmoja akiamini kwamba mwenye kasoro ni mwenzake. "Sema karatasi," Magoma angemchokoza. "Nimesema kalatasi!" Masanja angejibu kwa hasira ya kuigiza, na Magoma angemgeukia mteja: "Unasikia? Huyu hajui hata neno ra shure." Mimi nilikaa katikati yao kwenye kigoda, msomi, nikiwasahihisha wote wawili.

Siku ya tatu au ya nne aliniwekea mezani taa ya wavuvi wa dagaa, ya plastiki ngumu, ya kutoka nje. "Fungua," akaniambia. Niliigeuza huku na huku. Haikuwa na skrubu hata moja. Ilikuwa imezibwa kwa gundi pande zote. Akanieleza kwamba zamani dagaa walivutwa kwa karabai, na karabai aliijua. Zikaja taa za betri, nazo akazijua, akaishi nazo vizuri miaka mingi. Sasa zimekuja hizi. "Ikifa, inatupwa," akasema. "Na mimi natupwa nayo." Alitaka kutengeneza taa yake, inayofunguka. Nikamwambia si anatengeneza kila siku? Akatikisa kichwa. Kiswahili chetu kina neno moja kwa kazi mbili, na fundi yule wa darasa la saba alikuwa wa kwanza kunionyesha tatizo hilo. "Kuna kutengeneza kwa kilichohalibika, na kuna kutengeneza kwa kisichokuwepo. La kwanza nalijua. La pili limo vitabuni. Nichagulie kitabu, injinia. Kimoja tu. Sina macho ya vitabu vitatu." Hilo ndilo lililokuwa mezani mwaka mzima: asipojifunza kubuni, kibanda kinafungwa. Naye alikuwa amemkabidhi uchaguzi huo binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye hajawahi kutengeneza kwa maana yoyote kati ya zile mbili.

Nilianza na kile kinene. Kilikuwa kitabu cha chuo, chenye mafomula mengi na picha chache, na nilikiamini kwa sababu kilinitesa. Tulisoma mchana, saa za jua kali ambapo wateja hawaji, katika chumba cha nyuma ambapo Mama Kabula alipikia. Chumba kilinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa na mafuta ya taa, na juu ya kabati palikuwa na redio kama kumi na tano zilizofunguliwa matumbo. Mimi nilisoma Kiingereza na kutafsiri, yeye aliandika kwenye daftari la mistari, na Mama Kabula alituwekea sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, ambavyo ukivitafuna huwezi kuongea, na nadhani alivipika kwa sababu hiyo. Ukurasa wa kumi tu tulikwama. Kitabu kilisema sehemu moja ya saketi inaunganishwa na ardhi, nikatafsiri hivyohivyo, ardhi. Masanja akaweka kalamu chini. "Aldhi ipi, injinia? Taa inaning'inia juu ya maji." Nikamwambia ni namna ya kusema tu. "Namna ya kusema nini?" Nikarudi kitabuni. Kitabu hakikusema. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya watu ambao wameshaelezwa na mtu mwingine. Nilimpa jibu la kuungaunga, Mama Kabula akacheka akiwa ameinama jikoni: "Mtumbwi una shamba siku hizi?"

Wiki iliyofuata nilimletea cha pili, chembamba, chenye picha za rangi, cha kufuata hatua. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho una kengele ya mlango. Aliijenga kwa siku moja. Ililia. Magoma alisimama akapiga makofi, akasema sasa Mirongo nzima itabisha hodi kwa umeme. Masanja aliibonyeza mara mbili tatu, akaiondoa betri, akakirudisha kitabu mikononi mwangu. "Imelia," akasema, "lakini sijui kwa nini imelia." Ninawafahamu watu wenye shahada ambao hawajawahi kulalamika kwa sababu hiyo, na nilikuwa mmoja wao.

Cha tatu hakikuchaguliwa na mtu. Kilikuwa kwa Magoma, juu ya meza ya kukatia, kikikandamiza vitambaa visipeperushwe na upepo wa ziwani. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakikuwa na jina wala mwandishi. Magoma alieleza kwamba kuna mwalimu alileta suruali ipunguzwe, akaacha na kitabu, hakurudi kuchukua chochote kati ya hivyo viwili. "Suruari nimeivaa mimi," akasema, "kitabu kimebaki kuwa mzigo." Masanja alikifungua katikati, akanionyesha mstari, nikamsomea. Mwandishi alikuwa akieleza jinsi alivyounguza transista ile ile mara tatu kabla hajajua kosa lake, na moshi ulitokea wapi kila mara. Masanja akakishika kile kinene kwa mkono wa kushoto na hiki kwa mkono wa kulia, kama anayepima nyama. "Hiki," akasema akikiinua cha kushoto, "hakijawahi kuunguza kitu. Huyu ameunguza." Tena kwenye ukurasa wa mbele kidogo niliona, bila kumwambia, kwamba mwandishi huyo aliieleza ile ardhi kwa sentensi moja: ni mahali ambapo sisi wenyewe tumekubaliana kupaita sifuri. Lakini nilikikataa. Hakina jina la mtu, nikasema, hakina mwaka, transista zake hazipo madukani tena. Niliuliza maswali yote yanayoweza kuulizwa kuhusu kitabu isipokuwa lile moja alilouliza yeye. Tukarudi kwenye kile kinene, na kile kingine kikarudi juu ya vitambaa.

Tulisoma mvua zote za vuli na zote za masika. Sitasema hakujifunza, alijifunza kama mtu anayekwea jabali la Mwanza, kwa kushikilia popote panaposhikika. Katika kipindi hicho alikubaliana na Mafuru, mwenye mitumbwi ya dagaa aliyekuwa mteja wake wa zamani. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao hazishindani na mwezi. Mafuru akampa mbalamwezi moja. Giza likirudi, aone taa inayowaka, inayofunguka. Akiiona, hatanunua tena zile za gundi. Asipoiona, na wenzake wote wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, watajua. Masanja alichora saketi yake peke yake, siku nne, hakutaka niione. Ilikuwa ya kupandisha umeme wa betri ndogo uweze kuwasha taa nyingi zilizopangwa mfululizo, na moyo wa saketi ya namna hiyo ni koili, waya uliosokotwa mizunguko mingi. Alipomaliza aliniandikia orodha ya vifaa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, kwa herufi kubwa, maana mimi ndiye niliyekuwa nakwenda mjini.

Asubuhi hiyo nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili Dar es Salaam na basi lilikuwa linaondoka mchana. Nilisimama kibarazani nikaunakili upya mwandiko wake, kwa sababu ulikuwa mbaya na kwa sababu sikutaka muuza vifaa aone. Palikuwa na LEZISTA, nikaandika rezista. Palikuwa na KAPASITA MBILI, nikaacha. Aliandika R1, R2, R3, akazipatia zote, nami nikashangaa. Kisha chini yake akaandika L1, 100. Nikaona: namba moja ameirudia, na *l* imemponyoka tena. Nikatabasamu, nadhani. Nikaandika R4, 100. Nilinunua, nikamwachia Mama Kabula mfuko, nikakimbilia basi. Ile niliyoiita R4 ilikuwa rezista, kidude chembamba cha kukinza umeme, chenye mistari ya rangi, na koili ndogo za siku hizi nazo huwa hivyohivyo, nyembamba, zenye mistari ya rangi ileile. Mimi mwenyewe ndiye niliyewahi kumwambia hivyo. Akaichomelea mahali pake bila wasiwasi.

Niliporudi ilikuwa siku ya kuonyesha. Palihitajika giza na ilikuwa saa sita mchana, kwa hiyo Magoma alituachia kona yake ya kupimia nguo, nyuma ya kanga mbili zilizoshonwa pamoja, na tukaingia humo watatu, Mafuru, Masanja na mimi, tukiwa tumebanana kama mahindi kwenye gunia. Masanja akaunganisha betri. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza waya, akahesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo ikitembea. Baada ya muda ikaja harufu, ile ndogo, ya rangi inayoungua. Nje ya kanga Magoma aliuliza, "Imewaka?" Mafuru alikuwa mtu wa upole na hakupandisha sauti. "Nimeona giza, Fundi," akasema. "Giza ninalo la kutosha ziwani." Akafungua kanga akatoka, na kabla ya jioni tulisikia kwamba amenunua taa sita za gundi.

Siku tatu zilizofuata nilifanya kile nilichofundishwa: nilipiga hesabu upya. Hesabu za Masanja zilikuwa sahihi, jambo ambalo liliniudhi kidogo. Kitabu kinene kilikubali kwamba taa inawaka. Kilikuwa na kurasa kumi na nne kuhusu koili kamilifu na hakikuwa na mstari hata mmoja wa kumwambia mtu afanye nini ikiwa taa iko mbele yake na haiwaki. Siku ya nne nilimwona Masanja akiingia kwa Magoma na tofali alilolifunga vizuri kwa kitambaa. Akaliweka juu ya vitambaa, akachukua kitabu, akaja nacho. "Nisomee penye koili," akasema. Nikamsomea. Mwandishi yule asiye na jina alisema: kabla hujailaumu transista, ondoa betri, weka mita, ile ya kupima ukinzani wa umeme, kwenye miguu miwili ya koili. Koili ni waya tu. Mita isione kitu, au ione kidogo sana. Ikiona zaidi, acha kila kitu na utazame ulichonunua. Masanja akaweka mita. Ikasoma mia moja kamili.

Mama Kabula alikuwa anachambua mchele, na mkono wake ukasimama kwenye ungo ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia neno. "Hii si koili," Masanja akasema. Nikasema, "Si koili." Wakati huo nilikuwa nimeshauona mkono wangu ukiandika R4, R ya rezista, mahali pa L, ambayo kwenye saketi ndiyo herufi ya koili; niliuona vizuri kuliko ninavyoiona karatasi hii. Akaniuliza bila ukali, "Nilikuandikia nini, injinia?" Karatasi yake sikujua niliitupa wapi. Nikasema, "Nafikiri uliandika R." Nimejaribu mara nyingi kulichunguza lile neno *nafikiri*, kama lilipunguza chochote. Masanja alinitazama, akatazama kidude kilichoungua, akatikisa kichwa polepole. "Basi ni huu ulimi wangu," akasema. "Umeshuka mpaka kwenye mkono, ukageuka njiani." Upande wa pili wa ukuta Magoma alikuwa amesikia yote, akacheka mpaka akakohoa. "Nirikuambia! Nirikuambia utakuja kurara njaa kwa sababu ya ra!" Na kwa miezi iliyobaki hicho kikawa kichekesho cha kibaraza kizima: fundi aliyeandika R mahali pa L. Masanja mwenyewe alikisimulia kwa wateja, na alikisimulia vizuri. Mimi nilikuwepo kila mara.

Koili aliisokota mwenyewe, waya mwembamba juu ya kipande cha chuma cheusi kutoka kwenye redio iliyokufa, akihesabu mizunguko kwa kufuata jedwali la kitabu cha Magoma. Taa iliwaka, tukaiona nyuma ya kanga zilezile, na Magoma akaingia bila kuitwa akasema sasa anaweza kuona mishono yake ilivyo mibovu. Mbalamwezi iliyofuata ilipoisha, Mafuru alichukua moja ya kujaribia. Baadaye akachukua nne. Sina hadithi kubwa kuliko hiyo. Hakufungua kiwanda, zile za gundi bado zinauzwa, lakini kibanda hakikufungwa. Barua yangu ya kazi ilikuja mwezi huohuo. Nilipokwenda kuaga, Masanja alikuwa ameinamia bodi, kitabu kisicho na jalada kimefunguliwa mbele yake kimekandamizwa na koleo, akanipa kiwiko badala ya mkono kwa sababu vidole vilikuwa na risasi. "Umenichagulia vizuli," akasema. Sikumsahihisha, mara hiyo moja ambapo ilinipasa.

Mwaka huu, siku chache baada ya ile simu, nilimkuta Mama Kabula Mkolani, kwenye nyumba waliyoijenga walipohama Mirongo. Kibao cha LADIO kimeegemezwa ukutani sebuleni, rangi yake imepauka. Nilimwamkia, nikampa pole kwa mdomo kama nilivyokwisha kumpa kwa simu, akaniwekea matobolwa bila kuuliza. Kitabu alikuwa amekifunga kwa kanga. Kilikuwa kimenenepa kwa karatasi zilizochomekwa, michoro, hesabu, na majina ya vijana waliopita kujifunza kwake miaka tisa. Penye koili palifunguka penyewe. Hapo palikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini ya cherehani. Ya juu ilikuwa nakala yangu, mwandiko wangu mzuri wa chuo, R4. Ya chini ilikuwa ya daftari, imechanwa upande mmoja, herufi kubwa mbovu: L1, 100. Chini ya L1 alikuwa amepiga mstari mmoja wa penseli. Hakuandika kitu kingine.

"Aliipata lini hii?" nikauliza.

"Ya chini? Siku ileile uliyoondoka kwenda kwenye usaili. Uliiacha kwenye kigoda cha Magoma. Ya kwako ilikuwa ndani ya mfuko, na vifaa."

Kwa hiyo alipoweka mita, alipouliza "Nilikuandikia nini?", zote mbili alikuwa nazo. Nilimwuliza Mama Kabula kwa nini Masanja hakuniambia. Alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya.

"Nilimwuliza na mimi. Akasema, yule binti anauliza kila kitu. Mwache, siku moja atauliza na hilo."

Kijana wa ofisini nitampa kitabu hiki, pamoja na karatasi zote mbili. Matobolwa yalikuwa bado mdomoni, kwa hiyo sikuweza kusema kitu. Nilihesabu tu. Nilikuwa nimechelewa miaka tisa kuuliza, na wiki tatu na siku chache kumkuta wa kumwuliza.